Mimba yenye matatizo: ule nini, unywe nini, na kwa kipimo gani

"Kula vizuri, kunywa maji mengi." Mjamzito huambiwa hivyo kliniki, kwa wifi, kwa jirani, hata kwa muuza matunda. Kama mimba haina shida, ushauri huo unamtosha. Mimba ikiwa na shida haumtoshi, na mara nyingine unamuumiza. Glasi ya juisi ya embe inayomfaa mama aliyetapika siku tatu ndiyo hiyo hiyo inayompandishia sukari mwenye kisukari cha mimba. Maziwa yanayomfaa mwenye hatari ya presha humpunguzia mwenye upungufu wa damu nguvu ya kidonge chake, akiyanywa nacho pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha jiko, fungua kadi ya kliniki. Tazama uzito wa kila hudhurio, presha, wingi wa damu, na majibu ya mkojo: kuna protini? kuna sukari? Ukikuta pengo kwenye kadi, uliza kipimo hicho hudhurio lijalo, usingoje mpaka waone wenyewe. Mlo unapangwa kwa kufuata kadi hiyo. Na dawa ulizoandikiwa endelea nazo, maana hakuna chakula kinachochukua nafasi ya dawa ya presha wala ya insulini.

Kutapika kupita kiasi

Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida, na wengi hupata nafuu kufikia wiki ya 16 hadi 20. Kutapika kupita kiasi ni habari nyingine: hakuna kinachokaa tumboni, mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, na uzito unashuka. Kipimo kinachotumika ni kupoteza asilimia 5 ya uzito wa kabla ya mimba. Aliyekuwa na kilo 60, mizani ikisoma 57 ameshafika huko.

Kosa la kwanza huletwa na kiu. Mama anakausha glasi nzima kwa mkupuo, tumbo linajaa ghafla, na dakika mbili baadaye yote yanarudi, tena na maji zaidi ya aliyokunywa. Weka glasi pembeni, chukua kijiko cha mezani. Kijiko kimoja ni mililita 15. Kunywa kimoja kila baada ya dakika 5, ukitazama saa ya simu. Kwa saa moja utakuwa umepata mililita 180, na kwa saa kumi lita 1.8, bila tumbo kushtuka. Ukitapika katikati, pumzika dakika 10 hadi 15, kisha anza tena na kijiko kile kile. Usijaribu kufidia kwa kuongeza.

Kinywaji kizuri cha kuanzia ni ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti ya lita moja kwenye lita moja kamili ya maji safi, si kwenye chupa ya nusu lita. Ukipunguza maji unaongeza chumvi, na kiu haitaisha. Kama duka liko mbali, maji lita moja, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Wengi hawaipendi ladha ya ORS ikiwa vuguvugu. Ikiwa baridi sana, au ikigandishwa na kumumunywa kama barafu, hupita vizuri zaidi.

Chakula nacho kiwe kidogo, kikavu, kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Weka mkate uliokaushwa au biskuti zisizo na sukari nyingi karibu na mto, ule vipande viwili kabla ya kuinuka kitandani, na ungoje dakika 15. Mchana jaribu muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, ndizi mbivu, mahindi ya kuchoma, wali mkavu na chumvi kidogo. Usinywe ukiwa unakula. Acha nusu saa kati ya chakula na kinywaji. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto, na harufu ya kitunguu kikikaangwa au ya dagaa ndiyo inayowashinda wengi. Kwa hiyo mwingine apike, tena nje ikiwezekana. Tangawizi inasaidia baadhi: kipande kama ncha ya kidole gumba, kikwanguliwe kwenye vikombe viwili vya maji ya moto, kinywewe kidogo kidogo kutwa nzima.

Kuna na mate. Baadhi ya wajawazito hujaa mate mdomoni mpaka hutembea na kopo la kutemea. Hakuna haja ya kuwacheka wala kuwalazimisha wameze, kwani kuyameza ndiko kunakoleta kutapika. Lakini kopo likijaa, ni maji ya mwili yametoka, na lazima yarudishwe kwa kijiko kile kile. Kunyonya kipande cha barafu au cha ndimu hupunguza.

Baada ya kutapika usipige mswaki papo hapo. Asidi ya tumbo imelainisha meno, na mswaki huyakwangua. Sukutua kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea keki, piga mswaki nusu saa baadaye.

Vidonge vya FEFO (madini chuma na foliki kwa pamoja) vikikutapisha, usiviache kimyakimya. Mwambie mhudumu, kwani anaweza kukusimamishia madini chuma kwa muda na kukuacha na foliki peke yake. Na aliyetapika zaidi ya wiki mbili bila kula, akienda kutundikiwa dripu aseme hivyo waziwazi, ili apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Mwili uliokaukiwa na vitamini hiyo ukimiminiwa sukari unaweza kudhuru ubongo: mama anachanganyikiwa, macho yanacheza, miguu inapepesuka.

Usibaki nyumbani kama hujakojoa kwa saa nane, kama hata kijiko cha maji hakikai kwa siku nzima, kama unazunguzungwa ukisimama, au kama matapishi yana damu.

Damu pungufu

Kwa mjamzito, wingi wa damu (Hb, gramu kwa desilita) ukiwa chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na hapo jikoni hakuna jibu, ni hospitali.

Fanya hesabu kidogo. Mjamzito anahitaji takribani miligramu 27 za madini chuma kwa siku. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina kama miligramu 2 na nusu. Kidonge kimoja cha kliniki kina miligramu 60 hivi. Ndiyo maana damu ikishapungua, sahani peke yake hairudishi, na daktari huongeza dozi. Juisi ya bitiruti na maji ya rosela vimepewa sifa ambazo kwa sehemu kubwa ni za rangi tu. Wekundu wa bitiruti si damu, na madini chuma yake ni machache kuliko ya maharage.

Palipo na faida kubwa ni kwenye kupanga saa, kwani kidonge kile kile kinaweza kuingia mwilini au kupita tu. Kimeze kwa maji, pamoja na chungwa au maji ya ndimu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kikikuchoma tumbo, kimeze usiku na kipande kidogo cha chakula. Ni afadhali kuingia pungufu kuliko kuachwa kwenye kabati. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kikiwa kigumu, ongeza maji, papai bivu na mboga za majani.

Adui mkubwa wa kidonge hiki ni chai ya maziwa ya asubuhi. Majani ya chai hushika madini chuma, na maziwa nayo huyazuia, kwa hiyo kikombe kimoja kina vizuizi viwili. Hakuna anayekuambia uache chai. Isogeze tu, saa nne asubuhi au saa kumi jioni, mbali na kidonge na mbali na mlo mkubwa kwa saa moja au zaidi.

Kwenye sufuria: loweka maharage usiku kucha na umwage maji ya kulowekea. Mchicha, matembele au kisamvu ukishaepua, kamulia ndimu mezani na si jikoni, maana moto huiua vitamini C. Ongeza vijiko viwili vitatu vya dagaa, kwani samaki na nyama hulisaidia jani litoe madini yake. Maini yana madini chuma mengi lakini yana vitamini A kupita kiasi, na ikizidi humdhuru mtoto, hasa miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo kipande cha gramu 50, kama kiganja cha mtoto, mara moja kwa wiki, kinatosha. Habari ya kula robo kilo ya maini kila siku "kuongeza damu" iachwe.

Udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito una hadithi yake. Hamu ya kuula mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu wenyewe, lakini udongo hushika madini chuma tumboni, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na risasi. Badala yake tafuna karoti mbichi iliyooshwa vizuri au barafu, na useme kliniki. Hamu mara nyingi hupungua damu ikipanda.

Jambo moja linalopita bila kuonekana: vidonge vya foliki viko vya aina mbili. Kile kidogo, miligramu 0.4, ndicho kilichomo kwenye FEFO. Kile kikubwa cha miligramu 5 huuzwa dukani, na hudhoofisha SP, dawa ya kukinga malaria unayomezeshwa kliniki. Usijinunulie. Kama daktari amekupa kikubwa kwa sababu yake, mwambie anayekupa SP.

Ukifuata haya, wingi wa damu hupanda kwa pointi moja hivi ndani ya wiki mbili hadi nne. Usipopanda, sababu si kwamba hujala nyama. Kuna malaria, kuna minyoo, kuna siko seli, kuna vidonge visivyomezwa. Mwenye siko seli asimeze madini chuma bila kuandikiwa.

Kisukari cha mimba

Wengi wakiambiwa wana sukari huacha ugali kabisa na kubaki na mboga. Ni kosa. Mwili usipopata wanga huanza kuchoma mafuta, ketoni, yaani mabaki ya mafuta hayo, zinatokea kwenye mkojo, na mtoto hahitaji hizo. Kiwango cha chini ni gramu 175 za wanga kwa siku. Kazi ni kuzigawa, zisiingie zote kwa mlo mmoja.

Ugali wa sinia moja hauna kipimo. Kila mtu anamega, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Siku moja pika peke yako: pima nusu kikombe cha unga kwa kikombe cha mililita 250, songa kama kawaida, kisha ubinye kwenye bakuli dogo na kuupindua kwenye sahani. Utazame vizuri ukubwa wake. Hapo pana gramu 45 hivi za wanga. Kuanzia siku hiyo, ugali wa familia ukiiva, kwanza kata kipande chenye ukubwa huo kwenye sahani yako, halafu wengine wale. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga kama huo, na chapati moja ya saizi ya kati pia.

Unga wa dona au wa ulezi ni bora kuliko sembe, lakini si ruhusa ya kujaza sahani. Na uji, hata wa ulezi, ni mtihani: unga umeshasagwa, umelainishwa, unanywewa haraka, sukari inapanda haraka. Unga wa lishe wenye nafaka tano na karanga una shida hiyo pamoja na nyingine. Karanga zikikaa kwenye unga huchacha, na zikiwa na ukungu huwa na sumukuvu. Afadhali ule kilichosagwa leo na karanga zako pembeni.

Siku moja inaweza kwenda hivi. Saa moja asubuhi, mayai mawili yaliyoiva sawasawa, kiazi kitamu kidogo cha kuchemsha, chai bila sukari. Wanga wa asubuhi uwe mdogo kuliko wa mchana, kwa sababu homoni za alfajiri huipandisha sukari. Saa nne, mtindi usio na sukari kikombe kimoja. Saa saba, kile kipande cha ugali, samaki au kuku, na mboga za majani nusu nzima ya sahani. Saa kumi, chungwa moja la kula na nyama zake, si la kukamua. Glasi ya juisi huwa na machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye kichujio. Saa moja usiku, wali kikombe kimoja, maharage nusu kikombe, kachumbari. Saa nne usiku, kikombe cha maziwa, ili usiku usiwe mrefu bila kitu. Jumla ni kama gramu 180. Baada ya kila mlo mkubwa tembea dakika 10 hadi 15, hata uani, kama daktari hajakuzuia.

Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, sawa na vijiko sita au saba vya chai, na haina kingine. Iwekwe kwenye fungu la dawa, itumike tu sukari ikishuka.

Ukiwa na mashine ya kupimia, shabaha za kawaida (kwa mmol/L) ni chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo, au chini ya 6.7 baada ya saa mbili. Saa inahesabiwa tangu tonge la kwanza, si la mwisho. Nawa mikono kwanza kwa sabuni na uikaushe, kwani kidole kilichomenya embe husoma juu bure. Sukari ya asubuhi ikibaki juu ingawa unakula kwa kipimo, usijinyime zaidi. Ile haitawaliwi na sahani, na huenda ni wakati wa dawa.

Kwa anayechoma insulini, sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa kutetemeka na jasho: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha ule kitu.

Presha

Hapa chakula kina uwezo mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kifafa cha mimba hakizuiwi kwa vitunguu saumu wala kwa kula bila chumvi. Kukata chumvi kabisa hakujaonyesha kukinga, na humfanya mama ashindwe kula. Kinachofaa ni kupunguza iliyozidi: vipande vya mchuzi (vile vya kiungo vinavyouzwa dukani), samaki wa chumvi, na magadi kwenye maharage na kisamvu. Magadi ni sodiamu, tena huua vitamini za mboga. Weka chumvi mara moja jikoni, kisha kopo lisifike mezani.

Kinachosaidia kukinga, kwa wanawake wasiopata maziwa ya kutosha, ni kalsiamu: gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi kina miligramu 300, kwa hiyo ungehitaji vikombe vitano. Wengi hupewa vidonge. Soma kopo: kidonge kilichoandikwa kalsiamu kaboneti 1250 kina kalsiamu halisi 500. Meza kimoja kwa mara moja, pamoja na chakula, mara tatu kwa siku, kwani mwili haupokei zaidi ya hapo kwa mkupuo. Na kiwe mbali na FEFO kwa saa mbili au zaidi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza. Aspirini ya dozi ndogo ni uamuzi wa daktari, na huanza kabla ya wiki ya 20.

Miguu ikivimba usipunguze maji ya kunywa mpaka uambiwe. Na protini kwenye mkojo haina maana kwamba umekula protini nyingi. Figo ndizo zinazovujisha. Endelea na mayai, samaki na maharage. Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona giza au nyota, uso ukivimba ghafla, au maumivu chini ya mbavu za kulia, acha sahani hapo ilipo na uende.

Matatizo mawili kwa pamoja, na mwezi wa Ramadhani

Ukiwa na damu pungufu na hatari ya presha, panga hivi: FEFO alfajiri na chungwa, kalsiamu na vyakula vya asubuhi, mchana na usiku. Mwenye kisukari anayetapika asiogope sukari ya ORS siku hiyo, ila apime mara nyingi na awasiliane na kliniki. Akiwa anatumia insulini na hakuna kinachokaa tumboni, hiyo ni safari ya hospitali.

Sharia inamruhusu mjamzito anayeihofia nafsi yake au mtoto asifunge. Anayetapika, mwenye insulini au mwenye presha anaingia wazi kwenye ruhusa hiyo. Hata asiyefunga bado anakaa kwenye jamvi la futari, na pale pana kaimati, tambi, vitumbua, uji mtamu na juisi kwa dakika ishirini. Mwenye kisukari aanze na supu na samaki, achague kimoja tu cha wanga, na tende ziwe mbili.

Ukilazwa

Chakula hutoka nyumbani, na anayeleta ndiye anayehitaji maelezo. Mwandikie kwenye karatasi: kipimo cha wali, hakuna juisi, supu bila vipande vya mchuzi, mayai yaive mpaka kiini kikauke, maziwa yawe yamechemshwa. Chakula kiletwe kikiwa moto kwenye hotipoti, kiliwe ndani ya saa mbili. Kilichobaki arudi nacho.

Ukipangiwa upasuaji, uliza saa ya mwisho ya kula na ya kunywa, ukaandike ukutani kama hukumbuki. Utaratibu wa kawaida ni chakula kigumu kusimama saa sita kabla, na maji meupe saa mbili kabla. Chai ya maziwa na uji vinahesabiwa kama chakula, na ndugu aliyekuletea kikombe kwa huruma anaweza kuahirisha upasuaji wako.